Plagi imeingia, umeme haupiti: mwongozo wa kuchaji gari la umeme kwenye vituo vya umma

Plagi ya chaja ya kasi ikikaa sawasawa, kuna milio ya kusikiliza. Kwanza komeo dogo ndani ya tundu la gari linagonga: tak. Hilo limeishika plagi. Sekunde chache baadaye, chini ya sakafu ya gari, zinasikika tak mbili nzito zaidi. Hizo ni kontakta za betri, yaani swichi kubwa za umeme, zimeunganisha njia. Halafu feni za chaja zinaanza kuvuma. Ukiizoea milio hiyo hutahitaji kukodolea macho ujumbe wa makosa kwenye skrini, ambao mara nyingi hauelezi chochote. Utajua tu mambo yamekwama kabla ya mlio upi, na hapo ndipo pa kutafuta.

Karibu kila tatizo la kuchomeka hutokea ndani ya dakika ya kwanza, na mengi yanatibika hapohapo bila fundi.

Kwanza ujue tundu la gari lako

Fanya hivi mchana, ukiwa huna haraka, siyo usiku betri ikiwa imebaki na asilimia sita. Fungua kifuniko cha tundu uhesabu njia, yaani pini au vitundu vya umeme, kisha ulinganishe na aina hizi.

Type 2 ni duara lililokatwa upande wa juu, lenye njia 7: mbili ndogo juu kwa ajili ya mawasiliano, na tano kubwa za umeme pamoja na ethi. Ukiona chini yake kuna matundu mengine mawili makubwa, hiyo ni CCS2, na gari linapokea AC (umeme wa kuchaji polepole, kama wa nyumbani) kwa sehemu ya juu na DC (umeme wa chaja za kasi) kwa yale mawili ya chini. Type 1 ni duara kamili lenye njia 5, na plagi yake ina ndoana na kitufe cha kidole gumba. Ikiongezewa matundu mawili ya chini inakuwa CCS1. CHAdeMO ni duara kubwa linalokaa peke yake, kando ya tundu jingine la AC. NACS ni ndogo kuliko zote, ina njia 5, na AC na DC hupita kwenye njia zilezile.

Penye mtego ni GB/T, ambayo hutumika kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la China. Tundu lake la AC linafanana mno na Type 2: umbo lilelile, njia saba zilezile. Tofauti ni jinsia. Kwenye Type 2, pini ziko kwenye gari na matundu yako kwenye plagi. Kwenye GB/T, pini ziko kwenye plagi na matundu yako kwenye gari. Mtu anasukuma, anageuza, anasukuma tena, anadhani kuna uchafu. Hakuna uchafu. Haziwezi kuingiana hata siku moja, na kulazimisha kutapinda pini. Gari la GB/T pia huwa na tundu la pili, la mviringo, kwa ajili ya DC.

Mtego mwingine ni magari yaliyouzwa bila uwezo wa DC. Umbo la nje linaweza kuonekana kama CCS2, lakini sehemu ya chini imezibwa kwa plastiki isiyofunguka. Hilo halina tiba ya kituoni. Gari hilo ni la AC tu.

Egesha kwa kufuata kebo

Kebo nyingi za DC zina urefu wa mita 3 hadi 5, nazo ni nene na nzito. Zile za chaja kubwa kabisa zina mabomba ya maji ya kupoza ndani yake na hazipindiki kirahisi. Kwa hiyo tundu la gari lifuate chaja, hata kama itabidi uingie kinyumenyume au uegeshe kichwa mbele tofauti na wenzako. Kipimo ni hiki: kebo ikishachomekwa ilegee na kutengeneza tumbo kidogo kati ya chaja na gari. Ikikazwa kama kamba ya hema, plagi itavutwa upande na utayaona matatizo ya sehemu inayofuata.

Kuchomeka DC, hatua kwa hatua

1. Weka gia kwenye P, vuta breki ya mkono, zima gari kabisa, kisha acha milango ikiwa imefunguliwa loki. Gari likiwa tayari kuondoka linakataa kuchaji, na hivyo ndivyo linavyotakiwa.

2. Mulika kwa tochi ya simu ndani ya plagi na ndani ya tundu. Unatafuta maji, mchanga, wadudu, pini iliyopinda, na weusi au plastiki iliyoyeyuka. Maji yatikise na uipanguse plagi kwa kitambaa kikavu. Usiingize kidole wala kitu cha chuma. Ukiona dalili za kuungua, iache hiyo plagi. Pini iliyoungua hupasha moto na kuharibu tundu la gari lako pia.

3. Fungua kifuniko cha chini cha CCS na uhakikishe kamba yake ya mpira haijaingia kati ya plagi na tundu. Hili ni jambo dogo, na linawapata watu kila siku.

4. Shika mpini kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike kebo kama sentimita 30 nyuma yake. Sukuma kwa unyoofu mpaka mwisho. Ukingo wa plagi uguse tundu pande zote, juu na chini, pasiwe na mwanya.

5. Usiachie. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Uzito wa kebo unavuta mkia wa plagi chini, na mkia ukishuka, upande wa juu wa plagi unajibenua milimita mbili tatu kutoka kwenye gari. Zile pini mbili ndogo za mawasiliano ziko huko juu, tena zimetengenezwa fupi kwa makusudi ili ziwe za mwisho kugusana na za kwanza kuachana. Kwa hiyo plagi inaonekana imeingia, lakini gari na chaja havisikilizani. Wakati huohuo tundu la komeo limehama mahali pake, komeo linagonga ukuta na kurudi. Inua mkia wa plagi kidogo, sukuma kuelekea kwenye gari, na ubaki hivyo mpaka usikie tak ya kwanza.

6. Endelea kuishika mpaka kontakta zigonge na skrini ionyeshe kilowati. Hapo ndipo unapoweza kuachia. Kabla ya umeme kupita, chaja hupima kwanza kama njia haina uvujaji wa umeme, kisha hupandisha volti yake mpaka ikaribie ya betri, ndipo kontakta zinapounganisha. Yote hayo huchukua sekunde kadhaa, wakati mwingine hata nusu dakika, na mpini ukichezacheza katikati mambo yanaanza upya.

7. Simama hapo mpaka uone kilowati zimetulia na hesabu ya umeme inaongezeka. Ukiondoka kwenda kunywa kitu kwa kuona taa imebadilika rangi tu, unaweza kurudi ukakuta asilimia ileile uliyoiacha.

Kuhusu mvua: inaruhusiwa. Pini hazina umeme wowote wa hatari mpaka gari na chaja zikubaliane, na mawasiliano yakikatika umeme unakatwa papo hapo. Kisichoruhusiwa ni kuchomeka plagi iliyojaa maji au iliyopasuka.

Kwa CHAdeMO mpangilio ni uleule, ila plagi inajifunga yenyewe. Sukuma mpaka klik, au vuta mkono wa chuma kama mpini ni wa aina hiyo. Kwa CCS1 na Type 1, angalia ndoana iliyo juu ya plagi. Kitufe cha ndoana kimeunganishwa na rezista (kizuizi kidogo cha umeme, kinachopimwa kwa omu): kikiwa huru gari linasoma omu 150, kikibonyezwa linasoma 480 na kuzuia umeme ili usichomoe plagi huku umeme unapita. Ndoana iliyovunjika au kitufe kilichokwama ndani hulifanya gari lidhani kuna mtu amebonyeza muda wote. Nenda kwenye plagi nyingine.

Na tuseme ukweli: plagi hizi hazikutengenezwa kwa kumfikiria mtu mwenye mikono dhaifu, mfupi au anayetumia kiti cha magurudumu. Kama ni wewe, egesha gari karibu zaidi na uilaze kebo juu ya goti au juu ya mkono wa kiti ili uzito wake usibebwe na kiganja. Na kuomba msaada kwa jirani wa chaja ya pili ni jambo la kawaida kabisa.

Kituo chenye soketi bila kebo

Vituo vingi vya AC vina tundu la Type 2 tu, na kebo unakuja nayo mwenyewe. Ncha zake hazifanani: yenye pini inakwenda kwenye kituo, yenye matundu inakwenda kwenye gari. Kanuni iliyopo hapo ni kwamba upande unaoweza kuwa na umeme lazima ufichwe ndani ya matundu. Chomeka kituoni kwanza, kisha kwenye gari. Ukitoa, anza na gari.

Ndani ya plagi ya kebo kuna rezista inayoitangaza nguvu ya kebo hiyo: omu 220 ni ampia 32, omu 680 ni ampia 20. Ukinunua kebo ya bei nafuu ya ampia 20, kituo kitaisoma na kukupa ampia 20, hata kama chenyewe kina uwezo wa 32. Kwa umeme wa volti 230 wa fezi moja, hiyo ni kilowati 4.6 badala ya 7.4. Hakuna kilichoharibika, kebo ndiyo imesema hivyo.

Vilevile maandishi ya kilowati 22 kwenye kituo yanamaanisha fezi tatu kwa ampia 32 kila moja. Chaja iliyo ndani ya gari ndiyo inayoamua. Ikiwa ni ya kilowati 11, utapata 11. Ikiwa ni ya fezi moja, hutazidi 7.4 kwenye kituo hicho. Na kebo ya fezi moja kwenye gari la fezi tatu inakurudisha kwenye fezi moja.

Kwa wanaopenda kujua kinachoendelea: kwenye waya wa mawasiliano kituo huweka volti 12. Gari likichomekwa zinashuka hadi 9. Gari likiwa tayari kupokea linazishusha hadi 6, na hapo kontakta ya kituo inagonga na umeme unapita. Kiasi cha ampia kinatangazwa kwa upana wa mpigo wa volti kwenye waya huo: kila asilimia 1 ni ampia 0.6, kwa hiyo mpigo wa asilimia 53 hivi ni ampia 32. Faida ya kujua haya inakuja sasa hivi.

Kujua nani amekataa

Dashibodi haionyeshi kabisa kwamba kuna plagi: tumebaki kwenye volti 12. Plagi haijafika mwisho, au pini za mawasiliano ni chafu. Chomoa, angalia, chomeka tena kwa kuinua mkia.

Dashibodi inaonyesha plagi imeunganishwa, lakini hakuna kinachopita: tumekwama kwenye volti 9, na upande wa kukataa ni mmoja kati ya mawili. Ama kituo hakijakubali malipo yako, ama gari lenyewe halitaki. Gari hukataa kwa sababu za kuchekesha. Inayoongoza ni saa ya kuchaji: mwenye gari aliiweka nyumbani ianze saa sita usiku, akaisahau, sasa yuko kituoni saa tisa mchana na gari linasubiri usiku ufike. Zima ratiba hiyo au bonyeza kitufe cha kuchaji sasa. Ya pili ni kikomo: umeweka asilimia 80 na betri iko 81.

Komeo limegonga lakini kontakta za betri hazikugonga: mazungumzo ya DC yameanza yakavunjika. Mara nyingi ni kipimo cha uvujaji kimegoma kwa sababu ya unyevu, au betri ndogo ya volti 12 ni dhaifu. Usiidharau betri hiyo. Kompyuta za gari, komeo na kontakta zote zinaendeshwa nayo, na betri kubwa ikiwa na umeme tele haisaidii kitu kama hii ndogo imechoka.

Kontakta zimegonga, umeme umepita dakika moja kisha umekatika: gusa mpini kwa nje. Ukiwa wa moto kupita kawaida, vihisi joto ndani ya plagi ndivyo vilivyokata. Badilisha plagi.

Kabla ya kulaumu upande wowote, fanya jaribio la chaja mbili. Gari likikataa kwenye ya kwanza na kukubali kwenye ya pili, kosa ni la chaja. Likikataa kote kwa namna ileile, kosa liko kwenye gari. Halafu jaribu AC. Gari linalokubali AC na kukataa DC lina shida kwenye pini kubwa, kontakta au mawasiliano ya DC. Linalokubali DC na kukataa AC, mshukiwa ni chaja ya ndani ya gari. Taarifa hiyo tu inampunguzia fundi nusu ya kazi.

Kuna dawa nyingine ya kienyeji ambayo hufanya kazi mara nyingi kuliko inavyostahili: chomoa, rudisha plagi mahali pake, funga gari kwa ufunguo, sogea mbali nalo, subiri dakika mbili tatu kompyuta zake zilale, kisha anza upya.

Malipo na mpangilio wake

Vituo vingine vinataka uchomeke kwanza ndipo ulipe, vingine kinyume chake. Soma skrini. Ukilipa kwanza, una muda mfupi wa kuchomeka kabla kibali hakijafutwa, kwa hiyo uwe umeshafungua kifuniko na kushusha kebo. Ukichomeka kwanza ukachelewa kulipa, chaja inaweza kukata mazungumzo, na itabidi uchomoe ndipo ianze tena.

Kwenye programu ya simu hakikisha namba ya chaja na namba ya plagi ni zile ulizosimama mbele yake. Watu huwasha chaja ya jirani na kubaki wanashangaa. Kwenye maegesho ya chini ya ardhi ambako simu haina mtandao, kadi ya kituo ya kugusisha ndiyo mkombozi, kwa hiyo iwe ndani ya gari muda wote. Kadi ya benki inaweza kuzuiliwa kiasi fulani cha pesa mwanzoni, na tofauti kurudishwa baadaye. Msimbo wa QR uliobandikwa juu ya msimbo mwingine usiuguse, maana matapeli hubandika wa kwao; fungua programu yenyewe.

Plagi imenasa

Usivute kwa nguvu. Fuata mpangilio huu:

1. Maliza kuchaji kwa njia uliyoanzia: kadi ileile, programu ileile au skrini. Subiri feni zitulie.

2. Fungua loki za gari kwa ufunguo. Kama zilikuwa zimefunguliwa tayari, funga kisha fungua tena. Magari mengi huachia komeo kwa amri hiyo, na mengine yana kitufe chake karibu na tundu.

3. Wakati unabonyeza, isukume plagi ndani na uinue mkia. Komeo lililobanwa na uzito wa kebo haliwezi kurudi nyuma. Likipata nafasi kidogo linarudi. Hii peke yake inatibu sehemu kubwa ya kesi.

4. Bado? Tafuta kamba ya dharura. Kwenye magari mengi ipo nyuma ya kipande cha pembeni cha buti, au chini ya boneti, upande lilipo tundu. Kitabu cha gari kinaonyesha. Ivute taratibu, na kuchaji kuwe kumekwisha kabisa.

5. Iliyonasa ikiwa ni ncha ya kituoni, piga namba iliyoandikwa kwenye chaja. Wahudumu wengi wanaweza kuachia komeo au kuwasha upya kituo wakiwa mbali.

Kitufe chekundu cha dharura ni kwa ajili ya moshi, moto au hatari kwa mtu. Hakiachii plagi. Ukikibonyeza, chaja inabaki imekufa mpaka kirudishwe, na vingine mhudumu pekee ndiye anayeweza kuvirudisha.

Adapta

Adapta ya DC ichomeke kwanza kwenye plagi ya kituo mpaka ijifunge, kisha vyote viwili viingie kwenye gari kama kitu kimoja. Wakati wa kutoa, vitoke pamoja, ndipo uvitenganishe. Adapta za kubadilisha lugha ya mawasiliano, kama za CCS2 kwenda CHAdeMO au GB/T, zina kompyuta ndani, na nyingi zina betri ndogo ya kwake. Ikiisha chaji, adapta inakuwa kipande cha plastiki tu, kwa hiyo ichaji nyumbani kabla ya safari. Adapta pia inaongeza urefu na uzito nje ya tundu, kwa hiyo ule ushauri wa kuinua mkia unahitajika maradufu. Usiunganishe adapta mbili, na usitumie adapta ya AC kupitishia DC.

Ukipiga simu kwa mhudumu

Mpe namba ya chaja, namba ya plagi, saa kamili, msimbo wa kosa kama upo, na kama gari limechaji vizuri kwenye chaja nyingine siku hiyo. Mwambie pia umefika hatua gani: komeo limegonga au halikugonga, kontakta zimegonga au hazikugonga. Ukimwambia tu kwamba haichaji, atakachofanya ni kuiwasha upya na kukuomba ujaribu tena.